Sura ya Sita: Vitu vya Kisimani Havijakutana

Nahodha alinishusha kwenye maji ya magotini, akaniambia nina muda wa saa mbili, si zaidi. Ilikuwa siku ya bamvua. Bahari ilikuwa imekupwa mpaka pale ambapo siku nyingine mashua hupita na shehena, na mchanga uliobaki ulikuwa mgumu, umejaa mikunjo midogo midogo ya mawimbi. Nilitembea nimeinama kama mtu aliyedondosha pete. Sikwenda mbali nikaona kigae cha kwanza, kisha cha pili, kisha nikaacha kuhesabu.

Hapa ni Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia. Mbele ni mkondo wa bahari unaoitenga Mafia na bara, na ng'ambo yake ni mikoko ya delta ya Rufiji. Nyuma ni minazi. Katikati palikuwa na mji. Vigae na sarafu vinashuhudia kwamba tangu kama karne ya 11 watu waliishi hapa, wakachoma matumbawe kupata chokaa, wakajenga msikiti wa mawe, wakachimba kisima kilichoupa mji jina lake, wakafanya biashara na watu wa Ghuba na Bara Hindi. Kisha bahari ikaanza kuula mji, na haijaacha. Ajaye akitarajia kuta ndefu kama za Kilwa Kisiwani, au hata za Kua, pale jirani katika kisiwa cha Juani, atarudi na huzuni. Sehemu kubwa ya Kisimani iko chini ya maji, na iliyobaki juu inamong'onyoka kila msimu wa mawimbi makubwa.

Wanaonifahamu wanajua udhaifu wangu kwa makumbusho madogo, yale ya mkoa au ya kisiwa, ambayo mtu mmoja mwenye moyo alikusanya kila alichoweza kukipata. Nimesimama mara nyingi katika Beit el Amani, Unguja, lile jengo la kuba lililosanifiwa na John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925. Kwa miaka mingi jumba lile lilichanganya wanyama waliokaushwa, vitu vya Livingstone na kumbukumbu za masultani chini ya paa moja, na mtoto wa shule aliingia kutafuta chatu akatoka amejifunza kuhusu ufalme. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa fujo. Mimi naliona kuwa ukarimu. Vitu visivyofanana vikikaa karibu huanza kuulizana: wewe ulitoka wapi, ulikujaje, nani alikushika kabla yangu? Katika jumba kubwa lililopangwa kwa karne na kwa fani, maswali hayo hayatokei kwa urahisi.

Kisimani hakuna jumba wala kabati la kioo. Lakini vitu vyake vipo, na ni vya kila namna: vyungu, shaba, simulizi, hadithi ya harusi iliyogeuka kaburi, chombo kilichoshonwa kwa kamba, hata mizinga ya vita. Tatizo ni kwamba havijakutana. Kimoja kiko mchangani, kingine kabatini ng'ambo, kingine kimefungwa ndani ya jarida la Kiingereza, kingine kiko kinywani mwa mtu mzima anayekaa barazani Kilindoni. Nilichofanya mimi ni kuvizungukia kama mtu anayetoka chumba hadi chumba, ingawa kati ya chumba na chumba kulikuwa na safari ya boti au ya ndege.

Chumba cha kwanza ni huu mchanga. Kigae nilichokitazama kwa muda mrefu kuliko vyote hakikuwa cha rangi. Kilikuwa kipande cha mdomo wa chungu, unene wake kama kidole changu cha shahada, cheusi upande wa nje kwa masizi ya moto ambayo chumvi ya bahari haijaweza kuyang'oa. Chini ya mdomo mfinyanzi alikuwa amepitisha ncha ya kijiti kabla udongo haujakauka, akachora mistari ya mshazari iliyokutana na kufanya pembetatu, moja, mbili, tatu, kisha mstari wa nne ukateleza kidogo. Nadhani aliitwa, au mtoto alilia. Huko ni kukisia. Lakini ule mtelezo upo, na nilipoweka ukucha wangu juu yake ulikaa sawasawa.

Karibu na hapo palikuwa na vipande vya aina nyingine: kimoja cha bakuli lililopakwa rangi ya kung'aa na kuchorwa kwa mikwaruzo, kama vile vilivyoletwa kutoka nchi za Ghuba katika karne ya 11 na ya 12, kingine kidogo, cha kijani kibichi cha majani ya mgomba, chenye uzito usio wa kawaida kwa ukubwa wake. Hicho cha pili ni kauri ya China. Mtu akikiona moyo humruka, na ndicho kinachopigwa picha. Ningependa msomaji auzuie moyo wake kidogo. Katika miji ya kale ya pwani yetu vigae vya kigeni ni vichache kati ya vingi. Vilivyo vingi ni vyungu vya hapa hapa, vilivyofinyangwa na watu wa hapa hapa kwa ajili ya wali, samaki na mchuzi wa nazi. Makabati ya makumbusho yetu, hata hivyo, huweka bakuli la China mbele, chini ya taa, na chungu hupelekwa stoo ndani ya mfuko wenye namba. Ndiyo maana vizazi kadhaa vya Watanzania vilitoka makumbusho vikiamini kwamba historia ya pwani ni habari ya wageni waliokuja. Pale mchangani hakuna aliyepanga. Chungu na kauri vimelala ubavu kwa ubavu, na chungu ndicho kinachojaza ufuko.

Kile kigae cha mdomo wa chungu nilikirudisha nilipokitoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na hakuna anayeruhusiwa kuvichukua kama anavyookota makombe. Lakini nakiri kwamba wakati wa kukiweka chini niliumia, kwa kuwa nilijua sheria inamzuia binadamu na haina la kuiambia bahari. Bamvua ijayo huenda kile kipande kisiwepo.

Watu wa akiolojia walifika Kisimani mapema. Neville Chittick, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya mambo ya kale ya Tanganyika, alichimbua hapa kabla ya uhuru na taarifa yake ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1961. Ni kijitabu chembamba, na bila hicho tungekuwa na machache sana ya kusema kwa uhakika, maana sehemu ya kile alichokiona imekwishakwenda na maji. Baadaye Chittick alichimbua Kilwa kwa miaka mingi na Kilwa ikapata majuzuu mawili manene. Kisimani ilibaki na kijitabu chake. Silalamiki juu ya Kilwa. Nasema tu kwamba mji mdogo ukiwa jirani na mji mkubwa hugeuzwa kuwa tanbihi.

Na Kisimani haikuwa tanbihi. Tarikh ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapwa mwaka 1552, inaihesabu Mafia miongoni mwa milki za mwanzo kabisa za masultani wa Kilwa. Ali bin al-Hasan, anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa nasaba hiyo, alimpeleka mwanawe kuitawala Mafia. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimeokotwa katika ardhi ya Mafia, Kisimani ikiwemo. Wataalamu walibishana muda mrefu aliishi lini. Jibu lilikuja mwaka 1984 kutoka Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipopatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu. Zile za dhahabu zilikuwa za nchi za Kiislamu zilizoandikwa tarehe, na kwa kuzisoma wakaona kwamba Ali bin al-Hasan alitawala mapema kuliko ilivyodhaniwa, katika karne ya 11.

Sarafu za Kilwa zenyewe hazina tarehe. Nyingi ni za shaba, ndogo, nyembamba, nyepesi. Ukiiweka moja kiganjani unaweza kuisahau. Na bado zilisafiri. Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg, aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake, aliokota sarafu tisa ufukweni. Akaziweka nyumbani kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuuliza ni za nani. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko bado watu wanaitafuta, na mimi sina nadharia ya kuongeza. Ninachokipenda ni picha yenyewe: askari mgeni ameinama ufukweni akishangaa pesa ya pwani yetu, na mimi nimeinama Kisimani, ambako pesa za namna ile zilinunulia samaki.

Picha ya sarafu ya aina hiyo nilikuwa nayo kwenye simu. Nitairudia.

Chumba kinachofuata hakina kitu cha kushika. Ni hadithi, na kila mtu mzima wa Mafia niliyezungumza naye aliijua, ingawa kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kuanzia. Watu wa Kisimani, wasimulizi wanasema, waliitwa Wadiba, jina ambalo baadhi ya wataalamu wamelihusisha na visiwa vya Maldives. Watu wa Kua walikuwa na masultani wao. Miji miwili, bahari moja, na wivu. Siku moja watu wa Kisimani walimaliza kuunda chombo kikubwa. Kushua chombo ni sherehe, basi wakawaalika watu wa Kua waje kula na kushangilia. Wageni walipofika, wenyeji waliwakamata watoto wao, wakawafunga, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, na chombo kikavutwa juu yao hadi majini.

Kua hawakujibu. Walinyamaza miaka saba. Katika miaka hiyo walijenga chumba chini ya ardhi, chini ya nyumba, wakakipamba, wakakitandika. Kisha wakatangaza harusi na kuwaalika watu wa Kisimani, kama vile damu imekauka. Kisimani wakaja. Wakaingia chini, wakaketi, wakaletewa chakula, maongezi yakanoga. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu kafuata maji, yule anaitwa na mkewe, mpaka akabaki mzee mmoja tu wa Kua akiwaongoa wageni kwa maneno ili wasiangalie mlango. Waashi wakauziba mlango kwa mawe na chokaa. Yule mzee alikuwa anajua. Alikaa.

Nimeisikia hadithi hii mara nyingi na kila mara mwili husisimka pale pale, si kwenye magogo bali kwenye yule mzee. Msimulizi mmoja wa Juani alimpa maneno ya kuwaambia wageni, mwingine alimwacha kimya akicheza bao. Kama ilitokea hivyo au haikutokea, hadithi imehifadhi vitu ambavyo hakuna kigae kinachoweza kuvihifadhi: kwamba vyombo viliundwa ufukweni na kuvutwa juu ya magogo, kwamba kushua kulikuwa jambo la kualikana mji kwa mji, kwamba waashi wa Kua walijulikana kwa ujuzi wa kutosha kufanya chumba cha siri kiaminike, kwamba mlango wa nyumba ya mawe ulikuwa kitu cha kuogopwa. Kisimani nao wana hadithi yao ya fundi mwashi: alijenga kazi nzuri mno, na mkubwa wa mji akamkata mkono ili asije akajenga nyingine kama hiyo kwingine, haukupita muda mrefu bahari ikaingia mjini. Ndivyo wasimulizi wanavyoeleza kwa nini mji haupo. Mwanajiolojia atakupa sababu nyingine kuhusu mikondo na mchanga. Ukisimama pale ncha ikiliwa mbele ya macho yako, hutaona haja ya kuchagua.

Simulizi za namna hii ziliwahi kuandikwa. Kadhi Amur Omar Saadi alikusanya habari za kale za Mafia kutoka kwa wazee, na mwaka 1941 zikatoka katika jarida la Tanganyika Notes and Records, zikiwa zimefasiriwa kwa Kiingereza na D. W. I. Piggott, ambaye katika mwaka huo huo alichapisha pia historia yake ya kisiwa. Nawashukuru wote wawili. Lakini nina kinyongo na jambo moja na sitalificha. Kadhi yule aliyasikia maneno kwa Kiswahili, kutoka kwa watu wa Mafia. Ninachopata maktabani ni Kiingereza. Mwalimu wa shule ya msingi ya Kilindoni akitaka kuwasomea watoto habari za Wadiba kama zilivyokusanywa kisiwani kwao, inambidi atafsiri upya kwenda lugha zilikotoka. Katika makumbusho ninayoyatamani, ukurasa huo ungerudi kwanza kuliko hata bakuli la China.

Kutoka hadithini nilikwenda Unguja kutafuta chombo. Sijui ni aina gani ya chombo wasimulizi wa kwanza waliiona akilini, lakini chombo kikubwa cha pwani hii kwa karne nyingi kilikuwa mtepe: mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari, tanga la mkeka lililofumwa kwa miyaa, na omo lililochongwa kama shingo ya ngamia. Mitepe ya mwisho ilionekana baharini katika karne ya 20, kisha ikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi walishona mtepe mpya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, wakaupa jina la Shungwaya. Niliwahi kusimama chini yake. Nilipeleka kidole kwenye tundu moja la mshono: kamba imepita, kipande cha mti kimepigiliwa ndani ya tundu kuibana, na harufu ilikuwa ya nazi kavu. Ndipo nilipoelewa uzito wa hadithi ya Kisimani, maana chombo kile hakina uti wa chuma lakini ni kizito, na anayekivuta anakihisi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili walifariki. Naandika sentensi hiyo kwa shida. Tuna mazoea ya kudhani kwamba kitu kikishaingizwa ndani ya jumba kimeokoka, na kwamba kilichobaki ufukweni ndicho kilicho hatarini. Paa nalo lina umri wake. Lina gharama zake pia, na anayelifungua jumba anapaswa kuahidi kulitunza kwa muda mrefu kuliko uhai wake.

Yaliyobaki nitayapita upesi, ingawa mtu mwingine angeanza nayo. Mwaka 1890, katika kugawana pwani, Mafia iliangukia upande wa Wajerumani, na Sultani wa Zanzibar alilipwa marki milioni nne kwa haki zake juu ya ukanda wa bara pamoja na Mafia. Wajerumani waliweka boma Chole, kisiwa kidogo kilichokuwa tayari makao ya matajiri wa Kiarabu wenye mashamba ya minazi. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Ukitembea Chole leo unaona mizizi ya mitini imeyakumbatia magofu hata huwezi kujua ni mti unaoushika ukuta au ni ukuta unaoushika mti, na wageni hupenda kupiga picha pale. Ningeomba anayepiga picha ajue mbata zilizolipia mawe yale zilivunjwa na mikono ya nani. Makao makuu yalihamia Kilindoni mwaka 1913.

Miaka miwili baadaye, Januari 1915, Waingereza walikiteka kisiwa. Hawakukitaka kwa ajili ya nazi. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja mnamo Septemba 1914, ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya Rufiji, na Mafia ilikuwa mahali pazuri pa kurushia ndege za kuitafuta. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilimalizwa, mabaharia wake wakiizamisha wenyewe baada ya kupigwa. Wajerumani waliiokoa mizinga yake kumi wakaiburuta bara kupigania vita vilivyobaki, na mmoja uko leo Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu, jirani na mzinga wa Pegasus. Nimeuona. Watoto hupanda juu yake. Hakuna hata mmoja kati ya wale niliowauliza siku ile aliyejua kwamba chuma kile kililala miezi ng'ambo ya Kisimani, kwenye maji yale yale ya tope ambayo Rufiji huyamwaga mpaka leo.

Kigae chenye mtelezo wa mfinyanzi, sarafu ya shaba, mzee aliyebaki chumbani, kadhi aliyesikiliza, kamba ya makumbi, mzinga. Kwa nini nataka vikae chumba kimoja, Kilindoni, kwenye nyumba hata ya vyumba vitatu yenye paa lisilovuja? Kwa sababu mtoto wa Mafia hawezi kufanya safari niliyoifanya mimi. Mimi nilikuwa na nauli na barua za utambulisho. Yeye ana mguu wake na siku ya Jumamosi. Kwa sasa anachokijua kuhusu kisiwa chake kimeletwa na watalii wanaokuja kuogelea na papa potwe, na hilo ni jambo zuri, kwa kuwa papa ni wake pia. Ila mji uliotumia pesa za masultani karne nyingi zilizopita haujulikani hata kwa jina la barabara anayoipita kwenda shule.

Nahodha alinipigia mluzi kabla muda haujatimia. Maji yalikuwa yameanza kurudi, kwanza yakijaza ile mikunjo ya mchanga kama mtu anayemwagilia bustani, kisha yakaja kwa pamoja. Nilisikia vigae vikigongana chini ya maji.

Jioni ile Kilindoni nilikaribishwa kwenye baraza ya duka na mtu mzima ambaye alifundisha madrasa kwa miaka mingi. Nilimsalimu shikamoo, akaniitikia, akaagiza kahawa. Akaniuliza nimekwenda Kisimani kutafuta nini, maana watu wa kutafuta dhahabu wamekuwa wakija. Nikamwambia sitafuti, naangalia tu. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya sarafu ya Ali bin al-Hasan, upande mmoja kisha wa pili. Nilikuwa nimesoma zamani maana ya maandishi yake na kuiandika kwenye daftari langu kama mtu anavyoandika kipimo: upande wa kwanza jina la mtawala, upande wa pili kwamba anamtumaini Mola mwenye neema.

Mzee alivaa miwani, akaikaribisha simu usoni. Akasoma upande wa kwanza polepole, herufi zile ni za kizamani na zimelika. Akanitaka nigeuze. Akasoma wa pili, midomo ikitembea. Kisha akaniambia nirudishe wa kwanza, na safari hii hakusoma, alighani, kama anavyoghani mtu kwenye maulidi: jina likaishia kwenye Hasan, akavuta pumzi, na upande wa pili ukaishia kwenye minan, an kwa an, kina juu ya kina.

“Mwanangu,” akasema, “huyu ametunga. Pesa hii ina vina.”

Nikamwambia ndivyo, Mzee, na kwamba masultani wa Kilwa waliomfuata walifanya vivyo hivyo, kila mmoja na sifa ya Mola inayolingana na jina lake.

“Na zimeokotwa hapa?”

“Na hapa pia. Kisimani.”

Alinyamaza, simu bado iko mkononi mwake, taa yake ikimmulika ndevu. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza barabarani, akamsogeza karibu, akamwambia asikilize, na akaanza tena upande wa kwanza.